Mzee Kipimo na Magari Matatu ya Mteremko wa Bondeni

Leo, tarehe thelathini ya mwezi wa tisa, Dereva Mkuu wa Idara ya Maji, anayejulikana kwa wakubwa na wadogo kwa jina la Mzee Kipimo, anakabidhi funguo na kustaafu rasmi baada ya kuitumikia idara kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya yeye mwenyewe. Karani wa karakana, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, ameihakiki na kuikuta sahihi.

Katika ratiba ya sherehe iliyotolewa na ofisi kuu, wastaafu wengine wanne wamepangiwa kusomewa sifa zao na kukabidhiwa Cheti cha Utumishi Bora. Jina la Mzee Kipimo limo katika orodha ya wanaoondoka, ila mahali pa sifa pameachwa wazi. Wafanyakazi wa karakana wameona si vyema pabaki hivyo, nao wakaomba, kwa heshima zote, kupajaza kwa maandishi haya, na kueleza bila kuficha kwa nini paliachwa wazi.

Mzee Kipimo aliingia idarani akiwa mwosha magari. Baada ya miaka miwili alipata leseni na kukabidhiwa gari la tanki, akaliendesha miaka kumi na mmoja. Kisha alihamishiwa karakana kwa miaka saba, na miaka kumi na minne iliyobaki amekuwa Dereva Mkuu. Katika muda wote huo, hadi mwezi wa tano mwaka huu, jalada lake halikuwa na barua hata moja ya kumkosoa. Karani anasema haya kwa uhakika, kwa kuwa jalada analitunza yeye.

Jina la Kipimo alipewa na madereva kwa sababu ya mfuko wa shati lake, ambamo hakikosekani kipima upepo wa matairi, futi ya chuma na daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Siku ya harusi ya binti yake alilisimamisha gari lililopambwa, maharusi wakiwa ndani, akapima matairi yote manne na la akiba. Shughuli ilichelewa dakika kumi na tano. Mpaka leo binti huyo akimpigia simu huanza kwa kumuuliza, “Baba, upepo upo?” ndipo amsalimie.

Jukumu lake kubwa lilikuwa kuyajaribu magari kabla idara haijayanunua. Hakulijaribu gari kwenye lami laini huku wakala wa mauzo akimsifia redio. Alilipeleka sokoni saa ya msongamano ili aone kama litageuka bila kumkwaruza mtu. Alimwita fundi mmoja mrefu aitwaye Twiga, akamkalisha kiti cha nyuma kwa saa nzima, kisha akamuuliza habari za magoti. Alimwita pia mfanyakazi mfupi kuliko wote, akamwagiza apakie mzigo peke yake, ili aone kama karai la nyuma la kubebea mzigo liko juu mno. Mwisho alilipakia mzigo wa karakana na kuliteremsha bondeni.

Mzigo wa karakana ni magunia ishirini ya mchanga yaliyoandikwa “50” kwa rangi nyekundu. Gari lolote lililowahi kununuliwa lilibebeshwa magunia hayo hayo, nayo yalikaa uani, chini ya turubai lililotoboka. Wakala akileta vyuma vyake vya kupimia, Mzee Kipimo alimrudishia kwa upole na kumwambia, “Vya kwako vinakujua wewe. Magunia yangu hayamjui mtu.”

Ama kuhusu bonde, msomaji asiyelifahamu aelezwe. Mtambo wa kusafisha maji uko chini, kando ya mto. Kila siku pikapu za idara huteremsha dawa ya maji, tani moja kwa safari, kwenye barabara ya kilomita tatu yenye kona saba na daraja jembamba mwishoni. Dereva wa njia hiyo ni mama mmoja aliyeizoea kwa miaka tisa, na ndiyo sababu anaitwa Mama Bondeni. Huteremka mara mbili kwa siku, na kiti cha nyuma hukaa watu watatu wa zamu.

Mwezi wa tano idara ilikusudia kununua pikapu nane za ukubwa wa wastani badala ya zile zilizochakaa. Mawakala watatu walileta gari mojamoja. Lilikuwapo la kijivu, lililo ghali kwa theluthi moja kuliko la bei ya chini. Likiwa tupu, la kijivu hukurusharusha hata ukajuta kunywa chai, lakini likipakiwa hutulia, na vipuri vyake hupatikana katika duka lolote. Lilikuwapo la buluu, lenye nguvu za kuvuta trela bila kuhema. Hilo hugeuka kwa uwanja mpana kiasi kwamba pale sokoni lilirudi nyuma mara nne, muuza nyanya akasimama na kiti chake mkononi akingoja uamuzi. Na lilikuwapo jeupe. Jeupe ndilo lililokuwa na bei ya chini, lilinywa mafuta kidogo, usukani wake ulikuwa mwepesi na kipoza hewa chake kilimfanya Twiga aombe sweta. Aibu yake ilikuwa kiti cha nyuma, kilichosimama wima kama benchi la mahakamani.

La kijivu lilijaribiwa Jumatatu, la buluu Jumatano, na jeupe Ijumaa. Katika mteremko, jeupe liliyashinda yote kwa kusimama upesi, na magurudumu yake hayakupata moto. Mzee Kipimo alilipendekeza. Jumatatu iliyofuata ripoti ilipelekwa ofisi kuu ikiwa na sahihi yake, ili Kamati ya Ununuzi ikae Alhamisi saa kumi alasiri na kutoa oda. Madereva walishangilia, kwa kuwa kwa bei ile kila mmoja wao angepata gari jipya.

Jumanne mchana Mzee Kipimo alitaka kuzuia gurudumu la gari moja bovu lisiserereke. Akainama, akachukua gunia moja la mzigo wa karakana, akalinyanyua hadi kiunoni na kutembea nalo. Katikati ya uwanja akasimama. Mtu huyu ana mgongo ambao kwa miaka sita umemkatalia kubeba hata ndoo. Alibaki amelikumbatia lile gunia kama mtu aliyepokezwa mtoto wa jirani, kisha akaja nalo dirishani kwa karani.

“Karani, hebu nifungulie mizani.”

Mizani ya stoo ilisema kilo arobaini na mbili. Wakapima la pili na la tatu, ikawa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi mchanga ulikuwa ukivuja kidogo kidogo kupitia mishono, na hakuna aliyekumbuka kuyapima tena magunia yaliyokwisha kuandikwa. Mzee Kipimo alilitumbukiza gunia moja katika pipa la maji, akalitoa, akaliacha lichuruzike mpaka likaacha, akalirudisha mizanini. Kilo hamsini na moja.

Wote wawili walikumbuka kwa pamoja. Mvua kubwa ilinyesha Jumamosi na Jumapili kabla ya majaribio, na turubai limetoboka. Jumatatu la kijivu lilibeba magunia yaliyolowa. Kuanzia hapo jua liliwaka wiki nzima, na Ijumaa jeupe likabeba makavu, yaliyopakiwa na vijana wa zamu wakati yeye anapima matairi. Tofauti ilikuwa kilo mia moja na themanini. Aliyedhaniwa mshindi alikuwa ameteremka na mzigo mwepesi, na sahihi iliyosema ameshinda ilikuwa ya Mzee Kipimo.

Kanuni za idara katika jambo hili hazina kona. Mtumishi akiondoa sahihi katika ripoti iliyokwisha kupokelewa, huandikiwa onyo, na mwenye onyo katika mwaka wake wa mwisho hapewi Cheti cha Utumishi Bora. Mzee Kipimo alikuwa amebakiza miezi minne. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Magunia yangeloa tena kwa mvua ya kwanza.

Jioni hiyo alimweleza mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari, naye hakuinua kichwa. “Hicho cheti ulikuwa utakitundika wapi?” aliuliza. “Ukuta wenyewe ule una nyufa.” Kisha akaweka kalamu chini na kusema kwa sauti nyingine, “Mama Bondeni ana watu watatu nyuma, baba.”

Jumatano asubuhi, kabla ofisi haijafagiliwa, alikuwa mlangoni kwa Mkuu wa Ununuzi. Mama huyo ni mtu wa haki, lakini ana haraka, na siku hiyo mafaili yalikuwa yamemfika kidevuni. Alisikiliza akiwa amesimama.

“Mzee wangu, nimesubiri gari hizi miaka mitatu. Bei ya jeupe inaisha Ijumaa. Sasa unaniambia uligombana na magunia?”

“Sikugombana nayo. Niliyaamini.”

“Ukiiondoa hiyo sahihi, mimi nitaandika onyo. Sitaki, lakini nitaandika. Unazijua kanuni.”

“Nazijua. Andika.”

Mkuu akaketi. Alimruhusu kulijaribu jeupe upya, kwa sharti kwamba karatasi ya matokeo iwe mezani kwake Alhamisi saa sita mchana. Saa sita ikipita bila karatasi, ripoti ya mwanzo ingebaki ilivyo na oda ingetoka kwa magari nane meupe.

Wakala alilileta jeupe Alhamisi saa tatu badala ya saa moja, akiwa na uso uliokunjamana. “Mzee, gari limefaulu mtihani, wewe unalirudisha darasani?”

“Aliyekosea ni msahihishaji,” Mzee Kipimo alimjibu. “Mwanafunzi hana kosa bado.”

Safari hii hayakupakiwa magunia ya mchanga. Vilipakiwa viroba arobaini vya dawa ya maji, kilo ishirini na tano kila kimoja, na kila kimoja kilipanda mizani kwanza. Karatasi ya wakala ilisema gari linabeba tani moja na kilo mia tatu, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Upimaji huo ulikula saa nzima na robo. Madereva walisimama ukutani wakitazama, na si wote waliomtakia mema. Wawili walisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna wazee wanaona wivu wakiona wenzao wanapata vitu vipya.

Mama Bondeni alifungua mlango wa nyuma akaingia bila kuomba ruhusa.

“Shuka, dada. Hili ni jaribio.”

“Kilo sitini na nane, andika. Wewe Ijumaa uliteremka kama bwana harusi, barabara yote yako. Mimi nasimama kila kona. Kuna wanafunzi, kuna mikokoteni, kuna ng’ombe wa mtu asiyejulikana. Nitakuonyesha pa kusimama.”

Mzee Kipimo alifikiri, akamwambia karani aandike sitini na nane. Karani aliketi mbele kushoto akiwa na saa na karatasi. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Kona ya kwanza walisimama vizuri. Ya pili vizuri. Katika ya tatu Mama Bondeni alisema, “Hapa huwa kuna mikokoteni,” na kweli ulikuwapo mmoja, wakausubiri. Katika ya nne karani aliandika kwamba gari limesogea hatua mbili zaidi ya lilivyoagizwa. Kabla hajaweka nukta alisikia harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

“Mzee,” alisema Mama Bondeni, taratibu kabisa, “unanusa?”

“Nanusa.”

Kati ya kona ya tano na ya sita Mzee Kipimo alikanyaga breki, na mguu wake ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Akakanyaga tena mara mbili, haraka. Gari liliendelea kuchukua mwendo. Karani anakiri kwamba kalamu yake ilianguka na hakuifuata. Aliona mkono wa mzee ukirudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili, injini ikapiga ukelele, kisha ya kwanza, gari likatikisika kama linalokata kamba. Mkono ule ule ukashika breki ya mkono na kuivuta kidogo, ukaiachia, ukaivuta, kwa kipimo, wakati viroba arobaini vinagonga ukuta wa nyuma. Kona ya sita na ya saba walizipita magurudumu yakila changarawe za ukingoni. Mbele lilionekana daraja, na juu ya daraja wanafunzi watano waliovaa sare, wakitembea mstari mmoja.

“Kulia,” alisema Mama Bondeni. “Kulia pana lundo la mchanga wa barabara. Kulia, kaka, sasa.”

Mzee Kipimo alikata usukani. Gari lilipanda lile lundo kwa ubavu, likainama, likakaa. Injini ikazimika. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Wanafunzi walisimama kutazama, mmoja akapunga mkono.

Karani baadaye alipima kwa futi ya chuma, kwa kuwa alijua ataulizwa: kutoka bampa hadi nguzo ya kwanza ya daraja ilikuwa mita kumi na moja na nusu.

Ndani ya gari Mama Bondeni alisema, “Kiti hiki kweli ni kibaya,” na Mzee Kipimo akacheka kicheko kimoja kifupi, halafu akaweka paji la uso juu ya usukani na kukaa hivyo. Haya yanaandikwa kwa ridhaa yake.

Ilikuwa saa tano. Mtu wa mtamboni aliwapandisha kwa pikipiki, Mzee Kipimo, Mama Bondeni na karani, kwa safari tatu, na karatasi, ikiwa na alama ya jasho la kiganja, ilifika mezani kwa Mkuu wa Ununuzi saa sita kasoro dakika sita. Mkuu aliisoma mara mbili. Aliuliza, “Nyinyi nyote mko salama?” Alipojibiwa ndiyo, alifungua droo akatoa karatasi ya onyo, akaiandika pale pale, naye macho yake hayakuwa makavu.

Kamati iliamua kununua la kijivu. Kwa bei yake, fedha zilitosha magari sita wala si manane, na madereva wawili wanaendelea na pikapu kuukuu katika njia za tambarare. Hawa hawakumsalimia Mzee Kipimo kwa mwezi mzima. Yeye aliwasalimia kila asubuhi, kwa mpangilio ule ule, mpaka wakachoka kutojibu. Mzigo wa karakana nao ulitupwa. Siku hizi kinachopakiwa hupimwa siku hiyo hiyo, na agizo hilo, lililobandikwa mlangoni pa stoo, ndilo andiko la mwisho la Dereva Mkuu huyu.

Karani, akiwa na uzoefu kiasi katika kuandika maombi, alitunga barua ya kurasa tatu kwa Mkurugenzi, yenye aya kumi na mbili zilizopangwa kwa namba, akiomba kwa unyenyekevu onyo lifutwe na cheti kirejeshwe. Mzee Kipimo aliisoma yote akiwa amesimama. Alisifu aya ya saba. Kisha akaikunja na kuirudisha.

“Imeandikwa vizuri sana, mwanangu. Usiipeleke. Kosa lilikuwa langu, na barua yangu ya onyo haina neno hata moja la uongo.”

Barua haikupelekwa. Kwa hiyo leo cheti hakipo, na onyo limo jaladani, ukurasa wa mwisho, nyuma ya miaka thelathini na minne isiyo na doa. Sisi wa karakana tunaomba ieleweke kwamba kwa maoni yetu ukurasa huo ndio wa kusomwa kwanza.

Wiki iliyopita Mama Bondeni alimwomba amsindikize bondeni mara moja, si kama Dereva Mkuu, kama abiria tu. Gari la kijivu lilipakiwa tani yake. Mzee Kipimo alikaa kiti cha nyuma kati ya watu wa zamu. Kona ya kwanza aliuangalia mguu wa dereva. Ya pili akaangalia dirishani. Kufika ya nne alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la mtu asiyemjua vizuri, na kule chini Mama Bondeni hakumwamsha mpaka kiroba cha mwisho kiliposhushwa.

Mzee wetu, Dereva Mkuu, kwa niaba ya karakana, stoo, zamu zote tatu na njia ya bondeni, tunakushukuru kwa utumishi wako na kwa sahihi uliyoiondoa. Tunakutakia wewe na Mwalimu maisha mema, mgongo mtulivu, na usingizi wa mchana kila unapoutaka.

Imeandikwa na karani wa karakana, na kuthibitishwa na wote waliotia sahihi hapa chini.